Afugaye Nyoka Ampe Mahali pa Kujificha

Katika mwambao wetu huu, tangu Jasini na Moa hata Pangani na Kipumbwi, neno "nyoka" likitamkwa, jambo la kwanza ni kutafutwa fimbo. Hatuwalaumu wananchi kwa hilo. Wahenga walikwisha kusema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyoka wa pwani yetu si wa kufanyiwa mzaha: yupo kifutu, yupo swila, yupo koboko, na yupo yule wa kijani akaaye katika miembe na mikorosho. Lakini pamoja na hofu hiyo, wapo binadamu, hapa nchini na ng'ambo, ambao wamemtia nyoka sandukuni, wakamlisha, wakamwuguza na kumtazama kila siku. Kwa watu hao, na kwa sisi wengine tusiopenda hata kumwona, liko swali moja ambalo leo twataka kulieleza: nyoka ajifiche wapi?

Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa dogo, la kuwafaa watu wenye wakati wa kupoteza. Sivyo. Ajuaye mahali nyoka apendapo kujificha anajua mambo mawili kwa pamoja: namna ya kumtunza yule aliyefungwa, na namna ya kumwepusha yule aliye huru asiingie chumbani mwa watoto. Elimu ni moja, matumizi ni mawili.

Kwanza na tukumbuke kwamba kuweka nyoka si ushenzi ulioletwa na wageni. Huko Usukumani, tangu zama za mababu, wako wacheza ngoma wa chama cha Bayeye, ambao hucheza na chatu uwanjani na ambao walijulikana kwa dawa za kuumwa na nyoka. Kituo cha makumbusho cha Bujora, karibu na Mwanza, kimehifadhi urithi huo. Katika siku za ukoloni alikuwako Liwale bwana mmoja wa idara ya wanyama, C. J. P. Ionides, aliyekamata nyoka kwa maelfu na kuwapeleka katika bustani na maabara za dunia, hata akafariki mwaka 1968. Nairobi walifungua bustani yao ya nyoka mwaka 1961. Watamu, katika pwani ya Kenya, James Ashe aliasisi kituo cha nyoka mwaka 1980. Na Meserani, karibu na Arusha, bustani ya nyoka ilianza mwaka 1993. Ng'ambo, katika Ulaya na Marekani, nyoka amekuwa mnyama wa nyumbani kama paka. Nchi za Ghana, Togo na Benin zimekuwa zikiwauzia watu wa huko, kwa makumi ya maelfu kila mwaka, yule chatu mdogo ajikunjaye kama mpira anapoogopa.

Basi jambo lenyewe lipo. Linalobaki ni kuuliza kama linafanywa kwa haki.

Nyoka ni kiumbe wa woga. Hana miguu ya kukimbilia, hana sikio la nje la kusikia sauti kama tusikiavyo sisi, wala hana kope za kufumba jicho; macho yake yamefunikwa na gamba jembamba la kupenyeza nuru, mchana na usiku. Adui zake ni wengi: nguchiro, kipanga, nguruwe, na juu yao wote binadamu. Silaha yake kubwa si sumu, maana nyoka walio wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Silaha yake kubwa ni kutoonekana. Nyoka akiwa shimoni, mwili wake ukigusana na kuta pande zote, ndipo moyo wake hutulia. Akiwekwa mahali peupe pasipo na kificho, kwake ni sawa na kuwindwa tangu alfajiri hata magharibi, ingawa hapana amwindaye.

Dalili za mateso hayo ni wazi kwa mwenye macho. Nyoka hukataa chakula wiki baada ya wiki. Huzunguka sandukuni bila kupumzika na kusugua pua yake katika kioo au waya hata ikatoka vidonda. Hupiga kwa hasira kila kivuli kipitacho, au hulala kama aliyekufa. Hatimaye huugua. Wafugaji wasiojua husema, "Nyoka huyu mkali," kumbe si mkali, hana nyumba.

Tumewahi kuona, katika viwanja vya maonyesho, sanduku la kioo lililowekwa karibu na njia ya watu, jua likiliangaza, na ndani yake nyoka asiye na hata kipande cha gome cha kujifunika. Mwenye sanduku alitueleza kwamba akimwekea kificho, watazamaji hawatamwona, na kiingilio kitakuwa cha bure. Hoja hiyo twaifahamu, lakini hatuikubali. Kioo kilichoachwa juani hupika kilichomo ndani, na nyoka hana uwezo wa kupoza mwili wake ila kwa kuhamia kivulini. Asipokuwa na kivuli, hufa. Mtu aliyelipa kiingilio akaonyeshwa mnyama anayekufa hakuelimishwa; amefundishwa ukatili. Isitoshe, nyoka mwenye kificho kizuri hutulia, hula, na hutoka mwenyewe kwa saa zake, naye ndiye nyoka wa kutazamwa.

Sasa basi, kificho chema ni kipi? Waswahili husema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mithali hiyo yafaa sana hapa, kwa sababu wafugaji wengi hupendezwa na sura ya nje: jiwe la kuchongwa, fuvu la bandia, pambo la rangi. Nyoka hatazami rangi. Yako mambo sita ya kuangaliwa.

La kwanza ni kipimo. Kificho kisiwe kikubwa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa binadamu hupenda sebule pana na hudhani nyoka naye apenda hivyo. Nyoka aliyejikunja atoshee ndani, na mgongo na mbavu zake ziguse kuta. Akikua, abadilishiwe. Na mlango uwe mmoja, wenye upana wa kumpitisha akiwa ameshiba, kwani kiuno chake baada ya kula si kile cha kabla ya kula.

La pili ni giza. Kificho cha kioo au cha plastiki nyeupe ipenyezayo nuru si kificho. Anayejificha nyuma ya pazia la chandarua hakujificha.

La tatu ni joto. Mwili wa nyoka hufuata joto la mahali alipo. Hulitafuta akitaka kuyeyusha chakula, na hulikimbia likizidi. Kwa hiyo sanduku moja lahitaji vificho viwili vinavyofanana, kimoja upande wa joto na kingine upande wa ubaridi. Kikiwa kimoja tu, tunamlazimisha mnyama achague kati ya usalama na afya yake, naye aghalabu huchagua usalama, akakaa pabaya mpaka akaugua. Kwa chatu wengi, upande wa joto huwa nyuzi 30 au zaidi kidogo, na upande wa ubaridi nyuzi 25 hivi. Ugenini hutumia taa na vyombo vya umeme. Huku kwetu Tanga kazi yetu mara nyingi ni kinyume chake, yaani kumtafutia ubaridi. Kipimajoto kiwekwe ndani ya kificho chenyewe, si ukutani.

La nne ni unyevu. Nyoka hujivua gamba, neno ambalo mwaka 2011 lilivuma sana katika siasa za nchi yetu, lakini kwa nyoka halina siasa: ni uhai. Kabla ya kujivua, jicho lake huwa na ukungu, haoni vema, na hujificha zaidi. Akikosa unyevu, gamba hutoka vipande vipande, likabaki jichoni na katika ncha ya mkia, likaleta uharibifu. Kwa siku hizo awekewe chombo chenye kifuniko na tundu, ndani yake kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa. Lakini unyevu usikae daima, maana huozesha ngozi ya tumbo.

La tano ni uthabiti. Nyoka ana nguvu kuliko sura yake. Mawe yaliyopangwa juu ya mchanga huanguka anapochimba chini yake, yakamponda. Jiwe na likae juu ya sakafu ya sanduku kwanza, ndipo mchanga umwagwe pembeni. Kificho chepesi chenye kupinduka hakimpi mnyama imani.

La sita ni usafi wa kitu chenyewe. Kisiwe na ncha za kukata, kama mkebe uliokatwa. Kisiwe cha mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, wala cha miti yenye harufu kali kama mwerezi. Kisiwe na nyuzi za kumnasa. Kiwe kitu cha kuoshwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Msomaji ataona kwamba hapana hata moja katika hayo linalohitaji fedha za kigeni. Kifuu cha nazi kilichosuguliwa kingo zake humtosha nyoka mdogo. Chungu cha udongo kilichotobolewa ubavuni, au nusu ya chungu kilichopasuka na kulainishwa kwa jiwe, ni kificho bora kuliko vingi vinavyouzwa madukani Ulaya: ni kizito, kina giza, kinapoa kwa kumwagiwa maji kidogo, na kinaoshwa. Gome pana la mti uliokwisha kuanguka lafaa. Kigae cha paa chafaa. Makumbi ya nazi, ambayo watu huyakimbilia kwa kuwa yapo tele, yaangaliwe sana, maana yakilowa huota ukungu.

Hata hivyo, kificho hakiwi kimoja kwa nyoka wote, kama vile nyumba ya mvuvi si nyumba ya mchungaji. Yuko chatu mdogo wa mchangani, apatikanaye katika nchi kavu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ambaye hufugwa sana ng'ambo. Kwake yeye pango si kitu. Maficho yake ni mchanga wenyewe, wenye kina cha kumzamisha, akabaki na macho tu juu. Yuko nyoka wa mitini, ambaye ukimwekea chungu chini hatakiangalia. Yeye ataka matawi yenye majani mengi, na tundu lililoinuliwa juu. Kifutu hulala tuli akiamini rangi zake, basi ampendezaye ni majani makavu na kipande cha gome. Na yuko yule nyoka mdogo mwenye pembe juu ya macho, anayeishi katika misitu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa. Huyo amezoea ukungu na ubaridi wa milimani. Amani iko mita 900 hivi juu ya bahari. Kumteremsha nyoka wa huko hadi chumba cha bati cha mjini ni kumhukumu kifo, hata akipewa vificho kumi.

Kwa nyoka mwenye sumu, kificho ni jambo la uhai wa binadamu pia. Katika vituo vinavyoendeshwa kwa busara, kificho chake ni sanduku lenye kilango cha kufungwa kutoka nje kwa ndoano ndefu. Nyoka akiisha kuingia, kilango hufungwa, na mtumishi akasafisha na kuweka maji bila kugusana naye. Pasipo na kilango hicho, kila siku ya usafi ni kamari. Ndiyo sababu twasema pasipo kusita kwamba nyoka mwenye sumu si wa kuwekwa nyumbani na mtu binafsi hata akiwa hodari namna gani. Koboko hakumbuki wema wa jana.

Hapo ndipo tunapofika katika suala la haki na sheria. Mwezi Septemba 1961, katika mkutano wa Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba taifa lililokaribia uhuru linaupokea udhamini wa wanyamapori. Udhamini ni amana, na amana haichagui sura. Tembo yumo na nyoka yumo. Tanzania iliingia katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, mwaka 1979. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata wala kumiliki mnyamapori bila idhini ya serikali. Na mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, hatua iliyowagusa hata wakulima wa vipepeo wa Amani, ambao walikuwa wakijipatia riziki halali pasipo kukata mti.

Kwa nini hatua kali namna hiyo zikafikiriwa? Tazameni msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro. Humo anaishi mjusi mdogo wa rangi ya buluu ambaye maskani yake ni majani ya mkadi. Kati ya miaka 2004 na 2009, kundi moja tu la wakamataji lilikadiriwa kuchukua mijusi zaidi ya 30,000 kwa soko la ng'ambo, na namna mojawapo ya kuwapata ilikuwa kuukata mkadi wenyewe. Yaani ili mjusi mmoja apewe kificho cha plastiki huko Ulaya, wenziwe walivunjiwa kificho walichopewa na Mungu. Mwaka 2017 mjusi huyo aliingizwa katika daraja la juu kabisa la ulinzi wa mkataba ule. Vijana wetu wa Muheza na Lushoto, ambao milima yao ina vinyonga na nyoka wasiopatikana kwingineko duniani, na wapime wenyewe. Anayepasua gogo au kufumua kichuguu kwa ajili ya nyoka mmoja huondoa nyumba ya vizazi vijavyo, na hela aliyopewa huisha kabla ya mwezi kuandama.

Sasa tugeukie upande wa pili wa elimu hii. Yote tuliyoyasema juu ya kificho chema, yaani giza, wembamba, ubaridi na unyevu, ndiyo hayo hayo yaliyoko katika rundo la makumbi nyuma ya jiko, katika matofali yaliyosahauliwa, katika kuni zilizoegemezwa ukutani, katika tundu la panya chini ya kizingiti. Sisi wenyewe, bila kujua, tumekuwa wafugaji hodari wa nyoka. Tumewajengea vificho viwili, cha joto kwenye paa na cha ubaridi mtungini, na chakula chao, panya, tumewawekea ghalani. Kisha nyoka akiingia, tunatafuta mchawi aliyemtuma.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 liliweka janga hili katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na vilema kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Waathirika wakubwa ni wakulima na watoto wa vijijini. Hapa kwetu, tangu mkonge ulipoletwa Kikogwe, Pangani, mwaka 1893, mfanyakazi wa shambani amekuwa akiingiza mkono na mguu mahali ambapo jicho halioni. Yeye ndiye wa kwanza kustahili elimu hii.

Kwa hiyo kuni na ziinuliwe juu ya uchanja, mbali na nyumba. Makumbi yachomwe au yauzwe. Matundu yazibwe, panya wapigwe vita, matawi yanayogusa paa yakatwe. Anayetoka usiku achukue kurunzi na avae viatu. Anayelala, alale kitandani ndani ya chandarua kilichochomekwa vema, ambacho humkinga na mbu na nyoka pia. Na akiumwa mtu, asichanjwe, asifungwe kamba ya kukata damu, wala jeraha lisinyonywe. Avuliwe pete na bangili, kiungo kitulizwe kwa kufungwa na ubao, naye apelekwe hospitali mara moja. Anayekwenda kwanza kwa mganga anapoteza saa ambazo hazinunuliki.

Tulipokuwa chuoni, walimu wetu walitusimulia hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie riziki yake ardhini. Hatukuambiwa kwamba kosa lilikuwa kumweka paka. Kosa lilikuwa kumfunga kiumbe na kumnyima kile ambacho uhuru ungempa. Kwa nyoka, kitu hicho ni kificho kabla hata ya chakula.

Twatoa rai, basi, kwa wenye dhamana. Maofisa wa wanyamapori, wanapokagua bustani na maonyesho, wasitazame hati peke yake. Wafungue sanduku waangalie kama mna kificho, kivuli na maji, na wasipoviona, wafunge maonyesho hayo siku hiyo hiyo. Walimu wa sayansi wawafundishe watoto kumtambua nyoka na makao yake. Wenyeviti wa vitongoji waiingize kazi ya kuondoa marundo katika siku za usafi, hasa kabla ya masika. Na mwananchi mwenye kumpenda nyoka kweli kweli, asiye na idhini wala ujuzi, amwache katika gogo lake. Huko ameshapewa kificho kimtoshacho, hakidai kuoshwa wala kulipiwa, na wajibu wetu ni kutokukivunja.